Lenzi Kuukuu kwa Kamera ya Nyumbani: Kitazamwe Kioo, Si Jina

Katika nyumba nyingi za Gihosha, ndani ya sanduku la bati au juu ya kabati la nguo, imo kamera ya filamu iliyoachwa na baba au babu. Ilinunuliwa zamani, wakati kamera ilipokuwa mali ya kuonewa fahari. Ikapiga picha za arusi, za ubatizo na za Iddi, kisha ikawekwa na kusahauliwa. Siku moja kijana wa nyumba huitoa, huipangusa vumbi, hubonyeza kitufe na kuusikia mlio wake ule ule wa zamani. Kumbe kamera bado ni nzima! Lakini anapoielekeza lenzi kwenye mwanga, huona ndani ya kioo utando mweupe uliotambaa kama mizizi ya mti. Kamera imesalimika, lenzi imeharibika.

Hapo ndipo fedha za nyumba zinapoingia hatarini. Lenzi kuukuu huuzwa masokoni, kwa mafundi wa kamera, na siku hizi kwa njia ya intaneti. Na kila muuzaji husifu yake. Mtu asiye na ujuzi huvutiwa na jina lililochorwa kwenye pete, au na urefu wa lenzi, au na mfuko wa ngozi uliokuja nayo. Hulipa fedha ambazo zingetosha kununua madaftari ya watoto muhula mzima, kisha hurudi nyumbani na kitu kisichoweza hata kufungwa kwenye kamera yake.

Ushauri unaofaa hapa ni mfupi, nao ni huu: lenzi moja ya kawaida yenye kioo safi, na inayokubaliana na kamera iliyopo nyumbani, ni bora kuliko lenzi tatu zenye majina makubwa na kioo kibovu. Yanayofuata ni maelezo ya namna ya kuipata lenzi hiyo bila kuitikisa bajeti ya jikoni.

KWA NINI KUJISUMBUA NA FILAMU?

Huenda mtu akauliza: simu ya mkononi hupiga picha bila filamu na bila gharama, ya nini basi taabu hii? Swali hilo ni la haki. Simu yafaa sana kwa picha ya haraka. Hata hivyo simu huibwa, huanguka majini na kuharibika, na picha za miaka mitano hupotea pamoja nayo kwa siku moja. Ukanda wa filamu uliosafishwa vyema na kuhifadhiwa mahali pakavu hudumu miaka mingi, wala hauhitaji umeme ili usomwe. Huko Zanzibar, studio ya Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imeacha hazina ya picha ambazo watu huzitazama hadi leo, ingawa wengi wa waliopigwa hawapo tena duniani.

Familia za askari zinalielewa jambo hili kuliko nyingine. Mwezi Desemba 2007 askari wa kwanza wa Burundi walikwenda Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, na kwa miaka mingi baada ya hapo vikosi viliendelea kupokezana. Katika kipindi hicho nyumba nyingi zilijifunza thamani ya picha moja iliyotundikwa ukutani. Mtoto aliyekuwa akitambaa wakati baba anaondoka aliujua uso wa baba yake kwa njia ya picha.

Lakini lazima ieleweke kwamba filamu si rahisi siku hizi. Ukanda mmoja wa kawaida hutoa picha 36, na kila moja ina gharama yake ya kununua filamu na ya kuisafisha. Lenzi mbovu haiharibu picha moja. Huziharibu zote 36. Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua lenzi, familia ikubaliane kwanza filamu itapatikana wapi na itasafishwa na nani. Jambo hilo lisipokuwa na jibu, fedha na zibaki benki.

KWANZA KAMERA, KISHA LENZI

Lenzi si kofia ya kumkaa kila mtu. Kila aina ya kamera ina namna yake ya kuishika lenzi, na namna hizo ni mbili kubwa: ile ya hesi, ambayo lenzi huzungushwa mara kadhaa kama kifuniko cha chupa, na ile ya singe, ambayo lenzi huingizwa na kuzungushwa kidogo tu mpaka isikike ikijifunga. Askari yeyote aliyewahi kufunga singe kwenye bunduki ataitambua namna hii ya pili mara moja.

Kwa mwenye akiba ndogo, hesi ina faida kubwa. Iliyoenea zaidi huitwa M42, kwa sababu kipenyo chake ni milimita 42, na kila mzunguko mmoja huisogeza lenzi kwa milimita moja. Hesi hiyo ilitumiwa na viwanda vya nchi mbalimbali: Praktica zilizotengenezwa Dresden katika Ujerumani Mashariki ya wakati ule, Zenit zilizotengenezwa Krasnogorsk karibu na Moscow, na Pentax Spotmatic ya Japani iliyoanza kuuzwa mwaka 1964. Kwa hiyo lenzi ya Kijerumani huingia katika kamera ya Kirusi, na ya Kirusi katika ya Kijapani. Lenzi hizo zilitengenezwa kwa mamilioni, na kitu kilichotengenezwa kwa wingi namna hiyo hakiwezi kuwa ghali sana.

Kamera za singe hazina undugu wa namna hii. Nikon ina singe yake tangu mwaka 1959, Olympus OM tangu 1972, Pentax K tangu 1975. Canon na Minolta nao wana zao. Lenzi ya mmoja haiingii kwa mwingine. Mwenye kamera ya namna hiyo hana budi kutafuta lenzi ya ukoo huo huo.

Ipo mitego minne ambayo mnunuzi anapaswa kuijua.

Mtego wa kwanza ni jina Praktica. Kamera za Praktica za miaka ya 1960 na 1970 nyingi ni za hesi ya M42, lakini mwaka 1979 kiwanda kilianza kutoa namna ya B, ambayo ni ya singe. Jina ni lile lile, lenzi hazibadilishani.

Mtego wa pili ni hesi ya milimita 39. Zenit za mwanzo zilikuwa na hesi hiyo, na kamera ndogo za Zorki na FED pia zina hesi ya kipimo hicho hicho. Lenzi ya Zorki itaingia barabara katika Zenit ya zamani, na muuzaji ataapa kwamba zinafaana. La hasha! Katika Zenit, umbali kutoka mahali lenzi inapokaa hadi kwenye filamu ni karibu milimita 45. Katika Zorki ni milimita 28.8 tu. Lenzi hiyo itaona dhahiri vitu vilivyo karibu mno, kama kiganja kilicho mbele ya pua, na mtu aliyesimama mita tano atakuwa ukungu mtupu.

Mtego wa tatu ni pete za kuunganishia. Pete nyembamba ya kuifunga lenzi ya M42 katika Pentax K hufanya kazi vizuri, kwa kuwa umbali uliotajwa ni mmoja katika kamera zote mbili. Lakini katika Nikon umbali huo ni mkubwa zaidi kwa milimita moja hivi. Kwa pete ya kawaida isiyo na kioo, vitu vya mbali havitaonekana dhahiri. Milimita moja ni ndogo kwa macho. Kwa lenzi ni kubwa.

Mtego wa nne ni kipini kidogo kilicho nyuma ya lenzi nyingi za M42. Kamera inapopiga picha hukisukuma kipini hicho, na tundu la kupitishia mwanga hujifunga kwa kadiri iliyopangwa. Zenit-E, ambayo ni mojawapo ya Zenit zilizoenea sana, haina kibao cha kukisukuma. Lenzi yenye kipini ikifungwa humo, tundu lake hubaki wazi daima, isipokuwa kama lenzi yenyewe ina kiswichi cha herufi A na M. Kikiwekwa kwenye M, mpiga picha hulifunga tundu kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye Zenit-E atafute lenzi yenye kiswichi hicho, au lenzi isiyo na kipini kabisa, mathalani Helios 44-2.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kwenda sokoni na kamera yenyewe mkononi. Asiyeweza kuichukua kamera asinunue siku hiyo.

MILIMITA HAMSINI ZATOSHA

Juu ya kila lenzi imeandikwa namba ya milimita. Namba ndogo, kama 28 au 35, ni ya lenzi inayoona upana. Namba kubwa, kama 135 au 200, ni ya lenzi inayovuta vitu vya mbali. Katikati yake ipo ile ya 50, 55 au 58, ambayo huona karibu kama jicho la mtu.

Hesabu ndogo itaonyesha ni ipi inayofaa nyumbani. Tuseme watu wa nyumba wamesimama mstari mmoja wenye upana wa mita 3. Ili wote waingie katika picha, mwenye lenzi ya milimita 35 atasimama umbali wa mita 3 hivi. Mwenye ya 50 atasimama mita 4 na kidogo. Mwenye ya 135 atalazimika kurudi nyuma zaidi ya mita 11, na katika viwanja vya Gihosha vilivyo juu ya miteremko huenda akajikuta ndani ya mtaro wa jirani.

Zaidi ya hayo, lenzi ya milimita 50 ndiyo rahisi kuliko nyingine, si kwa sababu ni duni, bali kwa sababu iliuzwa pamoja na karibu kila kamera. Kwa hiyo zipo nyingi. Hali kadhalika muundo wake ulikuwa umejulikana kwa muda mrefu. Helios 44 ya milimita 58, kwa mfano, ilitokana na lenzi ya Kijerumani ya Biotar, iliyobuniwa na kampuni ya Carl Zeiss kabla ya Vita Kuu ya Pili. Tessar, ambayo ni ya ukoo mwingine wa kampuni hiyo hiyo, ina vioo vinne tu, nayo imepiga picha safi tangu mwanzo wa karne ya 20.

Namba ya pili iliyoandikwa kwenye lenzi huonyesha ukubwa wa tundu la mwanga. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 1.8 hupitisha mwanga karibu mara nne zaidi ya lenzi ya 3.5. Tofauti hiyo ni kubwa na yafaa kulipiwa kidogo, kwa sababu katika Bujumbura jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na karamu nyingi za nyumbani huanza baada ya hapo. Lakini kati ya 1.8 na 1.4 tofauti haifiki hata mara mbili, ilhali bei yaweza kuzidi maradufu. Yenye namba 2 au 1.8 inatosha. Mchana wa jua kali, filamu ya kipimo cha 100 huhitaji tundu dogo la 16 na kasi ya sehemu moja ya 125 ya sekunde. Hapo hata lenzi ya 3.5, kama Industar-50, haina upungufu wowote.

Anayedhani kwamba lenzi moja ni umaskini na akumbuke habari za Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Alianza akiwa bado mwanafunzi, kwa kamera ya Box Brownie iliyokwisha kutumika, ambayo lenzi yake moja haibadilishwi wala hairefushwi. Baadaye, mwaka 1984, picha zake za njaa ya Ethiopia ziliushtua ulimwengu mzima. Alifunzwa na kazi. Wingi wa lenzi ulikuja baadaye.

ADUI NI KUVU

Lenzi za zamani hufa kwa namna nyingi, lakini katika miji ya kando ya ziwa muuaji mkubwa ni kuvu. Bujumbura iko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na msimu wa mvua huchukua sehemu kubwa ya mwaka, kuanzia Septemba au Oktoba mpaka Mei. Joto na unyevu vikikutana ndani ya kitu kilichofungwa gizani, kuvu huota. Hula vumbi na mafuta yaliyo juu ya kioo, na inapokua hutoa asidi inayouchimba utando mwembamba unaokikinga kioo. Kuvu changa huweza kusafishwa na fundi. Iliyokomaa huacha makovu ambayo hakuna kitambaa kiwezacho kuyaondoa.

Picha inayopigwa kwa lenzi ya namna hiyo hupauka. Vyeusi huwa kijivu, na kila taa huzungukwa na ukungu. Mteja hulaumu filamu, au humlaumu fundi aliyeisafisha, na kosa liko ndani ya kioo alichokinunua mwenyewe.

Kinyume chake, kuna kasoro zinazotisha macho bila kuidhuru picha. Mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye kioo cha mbele hauonekani katika picha. Chembe chache za vumbi ndani hazina neno. Rangi iliyobanduka kwenye pete, jina lililofutika, kifuniko kilichopotea: yote hayo humpa mnunuzi nafasi ya kuomba bei ipunguzwe, naye asione haya kuiomba.

UKAGUZI WA LENZI

Askari hapokei bunduki bila kutazama ndani ya mtutu. Lenzi nayo ikaguliwe hivyo hivyo, hatua kwa hatua, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

1. Mnunuzi aende na tochi ndogo. Afungue tundu la lenzi mpaka mwisho, amulike kutoka nyuma, na atazame kutoka mbele kwa kuinamisha kidogo; kisha afanye kinyume chake. Nyuzi nyuzi kama mizizi au utando wa buibui ni kuvu. Wingu jeupe lililoenea sawasawa ni ukungu wa mafuta. Duara inayong'aa rangi za upinde wa mvua pembezoni mwa kioo ni dalili kwamba gundi inayoshikanisha vioo viwili imeanza kuachia.

2. Azungushe pete ya tundu kutoka namba ndogo hadi kubwa. Vile vipande vyembamba vya chuma vinavyolifanya tundu vifunguke na kujifunga sawasawa. Kama lenzi ina kipini nyuma, akisukume kwa kidole: vipande viruke mara moja. Vikijivuta polepole, vimelowa mafuta.

3. Azungushe pete ya kulengea, kutoka mwanzo hadi mwisho. Iende kwa uzito ulio sawa. Uzito kidogo ni grisi iliyozeeka, nayo haidhuru. Lakini ikikwama au kukwaruza kama ina mchanga, aiache.

4. Aishike lenzi kwa mikono miwili na kuitikisa taratibu. Isigonge wala kuchezacheza.

5. Aifunge kwenye kamera yake. Hesi iingie kwa vidole bila kulazimishwa.

6. Atazame mbali. Hapa mkazi wa Gihosha ana bahati ambayo watu wa miji mingi hawana: asubuhi ya anga safi, akiwa juu ya kilima, huiona milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa. Aifungue lenzi kabisa, azungushe pete mpaka alama ya mwisho, ile iliyo kama nane iliyolala, na atazame katika dirisha la kamera. Milima iwe dhahiri pale pale pete inapogota. Isipokuwa dhahiri, ama lenzi si ya kamera hiyo, ama ilifunguliwa na fundi asiyejua kuirudisha.

Kosa moja lisifanyike kamwe: kulitazama jua kupitia lenzi au dirisha la kamera. Jicho likiungua halina kipuri.

Anayeagiza kwa ndugu aliye ng'ambo au kwa intaneti hawezi kufanya ukaguzi huu kwa mkono. Basi na aombe picha mbili: moja ya kioo kilichomulikwa kutoka nyuma, nyingine ya mahali pa kufungia. Muuzaji anayekataa kutoa picha hizo amekwisha kujibu swali.

MFANO MEZANI PA MUUZAJI

Tuseme yuko polisi mmoja wa Gihosha aliyerithi Zenit-E. Yeye na mkewe wameweka akiba ndogo, kwa sababu bibi wa watoto amezeeka, na jamaa wote watakutana nyumbani mwisho wa mwaka. Muuzaji anawawekea lenzi tatu. Ya kwanza ni ya Kijapani, milimita 135, jina kubwa, imo ndani ya mfuko wake wa ngozi. Ya pili ni ya Kijerumani, milimita 50 na namba 1.8, inang'aa. Ya tatu ni Helios 44-2, imebanduka rangi, haina hata kifuniko.

Mume ameikumbatia ya kwanza.

"Baba watoto," mke anauliza, "hiyo itampiga bibi akiwa wapi? Sebule yetu haina nafasi ya kurudi nyuma hivyo."

"Lakini hili ni jina linalojulikana dunia nzima, mama watoto. Tazama, hata mfuko wake ni mzima."

"Mfuko haupigi picha. Hebu nipe tochi."

Tochi inaonyesha mizizi myeupe kwenye kioo cha nyuma. Mfuko ule wa ngozi, uliowekwa miaka mingi mahali penye unyevu, ndio ulioilea kuvu hiyo. Lenzi ya pili ina kioo safi, lakini ina kipini na haina kiswichi cha A na M. Katika Zenit-E tundu lake lingebaki wazi daima. Ya tatu ina mkwaruzo mmoja mbele na pete nzito kidogo. Kioo chake ni safi, hesi inaingia, milima ya mbali inaonekana dhahiri. Kizuri chajiuza, walisema wahenga, na kibaya chajitembeza. Lakini katika meza ya lenzi kizuri mara nyingine hukaa kimya bila kifuniko. Wakinunua ile ya tatu, bei yake ikiwa ndogo, kinachobaki kitanunua filamu mbili. Na kwa filamu ya kipimo cha 400, tundu la 2 na kasi ya sehemu moja ya 30 ya sekunde, bibi ataweza kupigwa picha hata usiku chini ya taa ya sebuleni, mradi mpiga picha aegemeze viwiko mezani na bibi atulie.

UTUNZAJI NYUMBANI

Lenzi ikishanunuliwa, kazi inahamia kwa wenye nyumba wote. Isiwekwe ndani ya mfuko wa ngozi, wala kati ya nguo, wala sakafuni. Kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, kama lile la kuhifadhia unga, linatosha. Ndani yake viwekwe vile vipakiti vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyopatikana katika maboksi ya viatu na ya redio. Vipakiti hivyo huchoka vikishanyonya, kwa hiyo vibadilishwe mara kwa mara, na viwe mbali na watoto, kwani si chakula. Mchele usitumiwe, vumbi lake huingia katika pete.

Mara moja kwa wiki, hasa majira ya mvua, lenzi itolewe, ifunguliwe pande zote mbili, ipate hewa na mwanga kivulini kwa muda. Isiachwe juani bila mtu: kioo hicho hukusanya miale na kinaweza kuwasha moto pazia au mkeka. Lenzi iliyokwisha kuota kuvu itengwe na iliyo safi. Kioo kisipanguswe kwa pindo la kitenge wala kwa mate. Kwanza vumbi lipulizwe kwa mpira wa kupulizia, kisha kioo kifutwe taratibu kwa kitambaa laini kilichofuliwa bila marashi.

Na kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, liwepo daftari dogo kando ya kopo: tarehe, filamu iliyotumika, tundu na kasi ya kila picha. Filamu ya kwanza iwe ya majaribio. Upigwe ukuta wa matofali kwa tundu lililo wazi, kisha kwa namba 8. Upigwe mti wa karibu, kilima cha mbali, uso wa mtoto mlangoni. Filamu hiyo ikisafishwa, daftari litaonyesha lenzi inaweza nini na haiwezi nini, kabla ya siku ya arusi kufika.

Askari hahitaji kukumbushwa kwamba kambi, silaha na mitambo ya ulinzi si vitu vya kupigwa picha za nyumbani. Watoto wanaofunzwa kamera ndio waambiwe hilo mapema.

Familia itakayofuata utaratibu huu haitakuwa na lenzi nyingi, wala haitahitaji. Itakuwa na lenzi moja inayojulikana vizuri, na fedha kidogo zilizobaki kwa filamu. Fedha hizo zisingoje lenzi ya pili. Zinunue filamu, na mzee wa nyumba aombwe kukaa kitini mwake kibarazani Jumapili hii, saa kumi alasiri, jua linapolegea kuelekea ziwani na mwanga ukiwa mwanana usoni pake. Lenzi ikiharibika hutafutwa nyingine. Picha ya mzee hupigwa wakati mzee yupo.